Nani akuandikie? Mwongozo kamili wa barua za mapendekezo kwa wanaoomba shule za udaktari Marekani

Tuliokulia Afrika Mashariki tunakijua kimemo. Mjomba anamfahamu mkubwa, mkubwa anaandika mistari miwili, na mlango uliokuwa umefungwa unafunguka. Ndiyo maana kijana wa familia yetu anayesoma Marekani akisema anatakiwa kupeleka barua za mapendekezo shule ya udaktari, nyumba nzima inaanza kuhesabu wakubwa: daktari bingwa anayesali kanisa moja na mama, mbunge aliyesoma na baba, balozi, askofu. Simu zinapigwa mpaka Dodoma. Barua inakuja, ina nembo na muhuri, na mwombaji hapati faida yoyote kutoka kwayo.

Kamati ya udahili inataka shahidi: mtu aliyekuona ukifanya kazi, akakuona ukikosea na kurekebisha, na anaweza kukulinganisha na wanafunzi wengine aliowafundisha. Mhadhiri msaidizi asiyejulikana nje ya chuo chake, ambaye umekaa mbele yake muhula mzima, ni bora kuliko waziri aliyekuona kwenye harusi mbili. Hilo likishaeleweka nyumbani, kazi yote iliyobaki katika mwongozo huu ni utaratibu tu, ingawa utaratibu wenyewe una mitego yake.

Wazazi hawalaumiki kwa kutojua. Tanzania, anayetaka kusoma udaktari anaingia kwa matokeo ya kidato cha sita ya fizikia, kemia na baiolojia. Kenya, mfumo wa KUCCPS unampangia mtu kozi kwa alama za KCSE. Hakuna anayeuliza mwalimu wako wa kemia anakuonaje. Marekani udaktari unaanza baada ya shahada ya kwanza. Kila mwaka waombaji wa shule zinazotoa shahada ya MD, ile ya kawaida ya udaktari, huwa zaidi ya 50,000 kwa nafasi kama 23,000, na wengi wao wana alama nzuri. Barua ni moja ya njia chache za kamati kujua ni mtu wa namna gani aliye nyuma ya alama hizo.

Jambo moja kabla hujamsumbua mtu yeyote: kama uko Marekani kwa viza ya masomo na huna ukaazi wa kudumu, angalia kwanza ni shule zipi zinapokea wanafunzi wa kigeni. Nyingi hazipokei. Barua tano nzuri zilizopelekwa shule ambayo haiwezi kukuchukua ni jasho la watu limepotea bure.

Hatua ya kwanza: jua barua zinapita mlango gani

Kuna mifumo mitatu ya maombi, na kila mmoja una sheria zake za barua.

AMCAS, unaoendeshwa na AAMC, jumuiya ya shule za udaktari za Marekani, ndio wa shule nyingi za MD. Unakuruhusu kuorodhesha hadi barua 10, kisha wewe ndiye unayechagua barua ipi iende shule ipi. AACOMAS ni wa shule za osteopathia, tawi jingine la udaktari Marekani, zinazotoa shahada ya DO. Huko nafasi za barua ni 6. TMDSAS ni wa Texas, na unapokea barua za watu binafsi au furushi moja la kamati ya chuo chako, ambayo nitaieleza punde. Wanaoishi Houston, Dallas au Fort Worth, ambako Waswahili si haba, mara nyingi wanaomba kupitia mifumo miwili au yote mitatu kwa pamoja. Mwandishi wako lazima aambiwe mapema kwamba barua yake itapita zaidi ya mlango mmoja, la sivyo ataandika "shule za MD" katika barua ambayo itasomwa na shule ya DO.

Kumi za AMCAS ni kikomo. Usijaribu kukijaza. Shule nyingi zinataka kati ya barua tatu na sita, na baadhi zinasema wazi kwamba zikipita idadi fulani hazisomwi. Barua ya saba inayorudia yaliyokwisha kusemwa inampunguzia msomaji hamu ya kusoma zile sita.

Kisha uliza swali ambalo wengi wanalisahau mpaka wamechelewa: je, chuo chako kina kamati ya wanafunzi wanaojiandaa na udaktari? Vyuo vingine vina kamati inayokusanya barua za walimu wako, inakufanyia usaili, halafu inaandika barua moja ya pamoja kwa niaba ya chuo. Vingine havina kamati ila vinakusanya barua na kuzituma zikiwa furushi moja. AMCAS inahesabu barua ya kamati kuwa ingizo moja, na furushi vilevile, hata kama ndani yake mna barua sita. Kama chuo chako kina kamati nawe hukuipitia, baadhi ya shule zitakutaka ueleze kwa nini. Tarehe za ndani za kamati hizi huwa mapema sana, mara nyingi majira ya baridi, miezi mingi kabla maombi yenyewe hayajafunguliwa. Nenda ofisi ya ushauri ukiwa mwaka wa pili, usisubiri mwaka wa mwisho.

Hatua ya pili: andika jedwali

Chukua daftari au fungua lahajedwali. Mstari kwa kila shule unayofikiria. Safu za juu: walimu wa sayansi wangapi, mwalimu wa nje ya sayansi, daktari, msimamizi wa utafiti, idadi ya juu ya barua, mengineyo. Kwa shule za MD, taarifa hizi zinapatikana MSAR, hifadhidata ya AAMC ambayo sehemu yake kubwa inalipiwa, na pia kwenye tovuti ya kila shule. Pakiwa na tofauti, amini tovuti ya shule.

Ukimaliza utaona mchoro unaojirudia: walimu wawili wa sayansi waliokufundisha darasani, mwalimu mmoja wa somo lisilo la sayansi, na mtu mmoja au wawili waliokuona nje ya darasa. Shule ikidai zaidi ya hapo, fikiri kama inakufaa kuliko kuanza kuhangaika kwa ajili yake peke yake. Anayeomba MD pamoja na PhD ajue kwamba shule zitataka kusikia kutoka kwa wasimamizi wa utafiti aliofanya nao kazi ya maana, na akimruka mmoja, kamati itajiuliza walikosana nini.

Hatua ya tatu: walimu wa sayansi, ambapo wengi wetu tunakwama

Sayansi hapa maana yake ni baiolojia, kemia, fizikia na, kwa shule nyingi, hisabati. Mwalimu awe amekufundisha na kukupa alama. Msimamizi wa maabara ya utafiti ambaye hakuwahi kukufundisha darasani, hata awe profesa wa baiolojia, katika shule nyingi hachukui nafasi hii.

Ugumu ni huu. Darasa la kemia la mwaka wa kwanza lina watu 300. Wewe umelelewa kumheshimu mwalimu kwa kunyamaza, unakaa katikati, unapata A, unaondoka. Profesa hajui hata jina lako. Na kama unasoma huku ukibeba boksi zamu ya usiku, muda wa kukaa ofisini kwa mwalimu unaona ni anasa. Mimi nasema si anasa, ni sehemu ya kozi. Saa za ofisi zimewekwa kwa ajili ya wanafunzi, na profesa wengi hukaa humo peke yao wakisubiri mtu agonge mlango.

Nenda mapema katika muhula, wiki ya pili au ya tatu, na swali halisi. "Sielewi sura ya nne" halimsaidii mtu. Nenda na tatizo ulilolifanya nusu, umwoneshe pale ulipokwama, na umwambie ulifikiria nini. Rudi baada ya mtihani wa kwanza ukiwa na karatasi yako, hasa kama hukufanya vizuri. Mwalimu aliyekuona ukipanda ana cha kuandika kuliko mwalimu aliyekuona ukipata A bila jasho. Madarasa madogo ya mwaka wa tatu ni dhahabu; ukiwa na uchaguzi kati ya somo kubwa lenye profesa maarufu na semina ya watu kumi na tano, nenda semina.

Kuna wakati anayekufahamu kweli ni msaidizi wa mafunzo, yule mwanafunzi wa uzamili anayeendesha vipindi vya maabara. Barua yake peke yake ina uzito mdogo, na shule nyingi hazitaihesabu kuwa ya mwalimu. Njia inayokubalika ni msaidizi kuandika rasimu kwa yale aliyoyaona, profesa kuongeza yake, na wote wawili kutia saini. Muulize profesa moja kwa moja kama anakubali utaratibu huo. Wengi wanaujua.

Waliopitia chuo cha jamii (community college) kabla ya kuhamia chuo kikuu wasiwaone aibu walimu wao wa huko. Madarasa ni madogo, walimu wanafundisha wenyewe, na wengine wanakujua mpaka ratiba yako ya basi. Barua moja ya huko na moja ya chuo kikuu zinaonesha kwamba ulihama na hukuanguka. Zote mbili zikitoka chuo cha jamii, kamati inaweza kutilia shaka kama umeyamudu masomo ya juu.

Barua mbili zikiwa mezani

Ili uone ninachomaanisha ninaposema shahidi, chukua mfano wa kubuni. Mwalimu wa kwanza anaandika: "Mwanafunzi huyu alipata A katika darasa langu. Ni mwenye bidii, mpole, anafika kwa wakati, na ninaamini atakuwa daktari mzuri." Hakuna uongo hata mmoja hapo. Hakuna habari pia. Alama ya A tayari iko kwenye nakala ya matokeo.

Mwalimu wa pili anaandika: "Katika maabara ya wiki ya tano, kundi lake lilipata matokeo yaliyokaribiana mno na jibu la kitabuni. Wenzake walifurahi. Yeye alibaki baada ya kipindi, akaniambia kuwa mizani ilikuwa haijasawazishwa kabla ya kipimo cha pili, na akaomba warudie kazi ingawa alijua alama zingeshuka. Nimefundisha kozi hii miaka kumi na miwili, na wanafunzi walioniletea habari ya namna hiyo bila kuulizwa nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja."

Mwalimu wa pili hakutaja neno uaminifu. Hakuhitaji. Na lile la "miaka kumi na miwili" ndilo ulinganishi ambao kamati inautafuta. Mwongozo wa AAMC kwa waandishi wa barua unawaomba waeleze wamekufahamu kwa muda gani na katika nafasi gani, na wakikulinganisha na wengine, waeleze ni kundi gani wanalokulinganisha nalo.

Hapa niongeze jambo linalowahusu hasa dada zetu. Mwaka 2003 Frances Trix na Carolyn Psenka walichapisha uchambuzi wa barua zaidi ya 300 zilizoandikwa kwa waombaji wa kazi ya ualimu katika shule moja kubwa ya udaktari Marekani. Barua za wanawake kwa wastani zilikuwa fupi, na zilisifu zaidi bidii na uchapakazi, wakati za wanaume zilielekea kwenye utafiti na uwezo. Hizo zilikuwa barua za kazi na si za wanafunzi, lakini mtego ni uleule. Mhamiaji mpole anayefanya kazi mbili anasifiwa kwa ustahimilivu mpaka akili yake inasahaulika. Unapompa mwalimu kumbukumbu za kuandikia, hakikisha nusu yake ni mambo uliyoyafikiria, siyo yale uliyoyavumilia tu.

Hatua ya nne: wengine waliokuona

Mwalimu wa nje ya sayansi ni rahisi zaidi: historia, falsafa, lugha, sosholojia. Tafuta aliyesoma insha zako ndefu na aliyekusikia ukibishana kwa hoja. Kama ulisaidia kufundisha Kiswahili chuoni, mhadhiri wa lugha aliyekusimamia anafaa katika nafasi ya ziada, kwa sababu alikuona ukimfundisha mtu asiyejua. Ila asihesabiwe kuwa mwalimu aliyekupa alama kama hakukupa.

Daktari. Kwa shule nyingi za MD barua ya daktari si lazima, na ile inayosema "alinifuata kliniki kwa siku tatu, alikuwa na maswali mazuri" ni karatasi tupu. Kwa shule za DO hali ni tofauti: nyingi zinataka au zinapendelea barua ya daktari, hasa daktari wa osteopathia mwenyewe. Anza kumtafuta huyo mwaka mzima kabla, kwa sababu kumfuata mtu kliniki kunahitaji kibali na nafasi, na barua ya maana inahitaji saa nyingi za kuwa naye.

Msimamizi wa kazi ndiye ninayempenda kuliko wote katika kundi hili, na ndiye Waswahili wengi wanayemdharau. Wengi wetu tumefanya kazi ya msaidizi wa wauguzi katika nyumba za kulea wazee. Muuguzi mkuu wa zamu aliyekuona usiku wa manane ukimgeuza mgonjwa kitandani kwa heshima, akakuona ukigundua kwamba bibi wa chumba fulani hajala kama kawaida yake, ana ushahidi ambao profesa hana. Vivyo hivyo kwa wakalimani. Hospitali zinazohudumia wakimbizi kutoka Kongo na Burundi zinahitaji wakalimani wa Kiswahili kila siku, na msimamizi wa ukalimani anaweza kueleza siku ulipomwomba daktari asimame kidogo, ukamwambia kwa adabu kwamba mgonjwa ameitikia "ndiyo" kwa heshima tu, na maelekezo ya dawa hayajamwingia. Mwambie asitaje jina la mgonjwa wala habari yoyote inayoweza kumtambulisha. Faragha ya mgonjwa ni sheria, na barua inayoivunja inakuchafua wewe.

Barua za namna hii zinaongezwa juu ya zile za walimu. Hazizibi pengo la mwalimu wa sayansi.

Wa kuwaacha: ndugu yeyote, hata akiwa daktari. Rafiki wa familia. Mwanasiasa. Mchungaji au imamu ambaye hukuwahi kufanya kazi chini yake. Kama uliendesha kliniki ya vipimo vya shinikizo la damu msikitini kwa miaka miwili naye akaisimamia, hilo ni jambo lingine, lakini angalia shule inaruhusu. Walimu wa sekondari. Na daktari wa Mwanza au Mombasa uliyekaa naye likizo moja ya wiki mbili: mshukuru, mweke kwenye orodha ya shughuli zako, usimwombe barua. Kama ulifanya naye utafiti wa miezi kadhaa, sawa, ila barua iwe kwa Kiingereza, kwenye karatasi yenye nembo ya taasisi yake, na aeleze hospitali yake ni ya namna gani maana msomaji wa Ohio hajui.

Hatua ya tano: kuomba

Omba miezi miwili au mitatu kabla ya siku unayoihitaji. AMCAS hufunguliwa mwanzoni mwa Mei, maombi huanza kupokelewa mwishoni mwa Mei au siku za kwanza za Juni, na shule huanza kuyapata mwishoni mwa Juni. Kwa hiyo Februari au Machi ndiyo miezi ya kugonga milango. Ukisubiri Mei, profesa anasahihisha mitihani, na Juni yuko likizo.

Ana kwa ana ni bora, barua pepe inakubalika. Kwa desturi yetu mtu haanzi na shida yake. Anauliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua. Profesa wa Kimarekani akisoma aya mbili za salamu anadhani umekosea anwani. Fupisha. Utaandika kwa Kiingereza, lakini yaliyomo yawe hivi:

"Profesa, nilikuwa katika darasa lako la kemia ogania muhula wa vuli, na ndiye niliyekuja ofisini mara kwa mara baada ya mtihani wa kwanza, nilipopata 61. Mtihani wa mwisho nilipata 88. Juni hii naomba shule za udaktari. Uliona safari ile kuliko mwalimu mwingine yeyote, kwa hiyo napenda kukuuliza: je, unaona unanifahamu vya kutosha kuniandikia barua yenye nguvu? Kama sivyo, nitaelewa kabisa. Kama ndiyo, naomba dakika ishirini za kuzungumza, nami nitakuletea nyaraka zote. Barua ingehitajika ifikapo tarehe 15 Juni."

Maneno "barua yenye nguvu" yasiondoke. Yanampa mwalimu nafasi ya kukataa kwa heshima, na wewe unahitaji sana akatae kama hana la kusema. Mmarekani naye ana namna yake ya kukataa bila kusema hapana, kama wazee wetu. Akijibu "naweza kuthibitisha kwamba ulikuwa darasani kwangu," hiyo ni hapana. "Nina shughuli nyingi kipindi hiki, lakini nitajaribu" ni hapana. "Pengine yupo anayekufahamu zaidi" ni hapana iliyo wazi kabisa. Mshukuru, ondoka, usibembeleze. Barua ya baridi inaumiza kuliko kukosa barua, na ikishafika hutaiona wala hutajua ndiyo iliyokuangusha.

Hatua ya sita: mpe vya kuandikia

Akikubali, mpelekee kila kitu kwa siku moja, katika barua pepe moja:

- wasifu wako wa ukurasa mmoja au mbili;
- nakala ya matokeo, hata ile isiyo rasmi;
- rasimu ya insha yako binafsi, hata kama haijakaa sawa;
- ukurasa mmoja wa kumkumbusha matukio matatu au manne aliyoyashuhudia yeye mwenyewe;
- mwongozo wa AAMC kwa waandishi wa barua;
- fomu ya ombi la barua kutoka AMCAS, yenye namba yako ya AAMC na namba ya barua yake.

Hiyo namba ya mwisho iangalie mara mbili. Kila mwandishi ana namba yake, na ukimpa profesa wa fizikia fomu ya profesa wa historia, barua itaingia mahali pasipo pake. Atume ikiwa PDF, yenye nembo ya chuo, tarehe na saini. Anaweza kuipakia mwenyewe kwenye mfumo wa AMCAS au kuitumia huduma ya Interfolio, inayohifadhi barua na kuzisambaza. Hii inafaa kwa anayeomba kupitia mifumo zaidi ya mmoja au asiye na hakika kama ataomba mwaka huu au ujao.

Ule ukurasa wa kukumbusha ndio wenye kazi. Usijisifu ndani yake. Andika tukio, tarehe kama unaikumbuka, na ulichofanya. Yeye ndiye atakayeamua maana yake.

Wengine watakuambia, "Niandikie wewe rasimu, mimi nitatia saini." Kwetu hili ni jambo la kawaida kabisa, hata barua za serikali ya mtaa tunaziandika wenyewe. Hapa kataa kwa upole. Sema kwamba shule zinataka maneno ya mwalimu, na umpe ukurasa mrefu zaidi wa kumbukumbu. Mbali na suala la uaminifu, barua zote zikiwa na sauti moja msomaji mzoefu anaisikia sauti hiyo, kwa sababu ni ile ile ya insha yako.

Utaulizwa pia kama unaachia haki yako ya kuisoma barua. Haki hiyo inatoka kwenye sheria ya FERPA ya mwaka 1974, inayomruhusu mwanafunzi kuona kumbukumbu zake za elimu. Iachie. Kamati inaiamini zaidi barua ambayo mwombaji hakuweza kuichungulia, na waandishi wengine hawaandiki kabisa usipoiachia. Kama unamwogopa mtu kiasi cha kutaka kusoma alichoandika, huyo hakupaswa kuwa kwenye orodha yako.

Hatua ya saba: kukumbusha bila kuvunja heshima

Hapa adabu yetu inatuponza. Mtu amemwomba mkubwa jambo, atamkumbushaje? Ataona anadaiwa. Basi wiki zinapita, Julai inafika, barua haipo, na kijana anaogopa kuandika mistari mitatu. Kumkumbusha profesa si kumdai. Ana waombaji wengine wanane na ruzuku ya utafiti inayokaribia kufungwa. Mwandikie wiki mbili kabla ya tarehe, na tena siku mbili tatu kabla: "Nakukumbusha tu kuhusu tarehe 15, kuna chochote cha ziada unachohitaji kutoka kwangu?" Inatosha.

Usichelewe kutuma maombi kwa kusubiri barua. AMCAS inahakiki maombi yako bila barua, na uhakiki huo unaweza kuchukua wiki kadhaa. Barua zinaweza kuingia wakati huo. Shule ndiyo ambayo haitakamilisha faili lako mpaka barua zake zimefika, na kwa kuwa nyingi zinaita watu kwenye usaili kadiri faili zinavyokamilika, barua iliyofika Septemba inakurudisha nyuma ya foleni. Tarehe unayomwambia mwandishi iwe wiki mbili au tatu kabla ya ile unayoihitaji kweli. Huo si uongo, ni akiba.

Ukishatuma maombi ya AMCAS unaweza kuongeza mwandishi mpya kama hujafika 10, lakini huwezi kumfuta uliyemwingiza. Unaweza tu kuonesha kwamba barua yake haitatumwa tena. Kwa hiyo usiingize jina la mtu ambaye hajakubali kwa kinywa chake. Mwandishi akipotea kabisa, mgeukie yule wa akiba, na kila mtu awe na mmoja wa akiba, hasa upande wa sayansi.

Barua ikifika, mwandikie mwalimu shukrani siku hiyohiyo. Kadi iliyoandikwa kwa mkono inamtosha. Zawadi ya thamani ni tatizo, maana vyuo vingi vina sheria kuhusu zawadi kwa walimu, na kabla ya barua inaonekana rushwa hata kama moyoni ni ukarimu tu. Pakiti ya kahawa ya Kilimanjaro baada ya mambo kuisha, hapo hakuna atakayegomba. Muhimu zaidi, mwambie matokeo: umeitwa usaili, umepata, au umekosa.

Kama umekosa na utaomba tena mwaka unaofuata, barua za mwaka uliopita hazikusubiri AMCAS. Kila mwandishi atume upya. Usimwombe atume ileile yenye tarehe ya zamani. Nenda na ukurasa mpya wa mambo uliyofanya tangu hapo, umwombe aongeze aya na abadilishe tarehe. Na katika orodha ile, badilisha angalau jina moja: mtu aliyekuona mwaka huu.